Shimo la Makabidhiano

Ilikuwapo nchi, na huenda ipo hadi leo, ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Jina lilikuwa linabadilishwa, na kikao cha kulibadilisha kilikuwa hakijafungwa, kwa hiyo hata wenyeji wakiulizwa wametoka wapi walijibu tu, "Pale." Walikuwa watu wapole, wachapa kazi wakisimamiwa, na walipenda kitu kimoja kuliko vyote duniani: makabidhiano.

Karani akienda likizo ya siku mbili alimkabidhi mwenzake kalamu, kiti na mto wa kiti, kwa orodha, mbele ya shahidi. Mke akienda kwao kujifungua alimkabidhi mumewe vyungu saba na vifuniko sita, na mume akasaini kwamba kifuniko cha saba kilipotea kabla yake. Maiti haikuzikwa mpaka ndugu wasaini kuupokea msiba. Na Katiba ya nchi, kabla haijayafikia mambo ya haki na uhuru, ilianza hivi: "Hakuna mwenye cheo atakayeondoka katika kituo chake cha kazi bila kukabidhi, na hakuna kipindi cha nchi kitakachofungwa mpaka aliyekuwa nacho akikabidhi." Watoto wa shule waliimba maneno hayo kila asubuhi kabla ya kunywa uji.

Sasa ikatokea serikali kutaka kujenga Kituo cha Huduma za Dakika Tano, jengo la ghorofa tisa ambamo raia angeingia na shida yake na kutoka baada ya dakika tano akiwa hana. Mpango huo uliandaliwa kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanja kilikuwa uwanja mtupu katikati ya mji, na hakuna aliyekumbuka kwa nini uwanja mzuri namna ile ulibaki mtupu. Sheria ilitaka, kabla tingatinga halijagusa ardhi, mtaalamu wa mambo ya kale achimbue aone chini kuna nini. Aliyeteuliwa alikuwa Bi Ruzuna Makame.

Bi Ruzuna alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mtu wa maneno machache, na mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuandika alichokiona. Madaktari wa nchi ile waliujua ugonjwa huo na dawa zake, lakini yeye alikuwa hajawahi kwenda kwao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Saumu, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Kazi ya wiki mbili, alimwambia mwanawe, halafu tunakaa kushona.

*

Siku ya uzinduzi Waziri wa Yaliyopita alikuja na bendi. Alihutubia kwa saa mbili na robo juu ya umuhimu wa dakika tano. Aliwahakikishia wananchi kwamba serikali yake haikuwa na chochote ilichokificha chini ya ardhi, kwani vyote ilivyovificha vilikuwa juu. Watu wakapiga makofi. "Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame," Waziri akamalizia, "na sisi, kwa unyenyekevu mkubwa, tumempata wa kuinama."

Kisha Bwana Mshamu Likotela, Katibu wa Makabidhiano, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na ya nne sikioni, akamkabidhi Bi Ruzuna vifaa vyake: mwiko mmoja, brashi nne, chekecheke, kamba, ndoo, hema, na daftari la vitu vilivyopatikana. Ngazi haikuwamo katika orodha. Ngazi ilikuwa mali ya Idara ya Ngazi, na idara hiyo ilikuwa na mlinzi wake, mtu mnene mwenye huruma aliyeitwa Pandu, aliyeteremsha ngazi kwa kibali na kuipandisha bila kibali.

Kabla hajaondoka, Bwana Mshamu alimvuta mama wa watu pembeni.

"Bi mkubwa, wenzako wenye busara huandika 'hakuna kitu' siku ya kwanza, wakaenda zao."

"Nitaandikaje hakuna kitu na bado sijachimba?"

Bwana Mshamu alimsikitikia, akamwambia subira yavuta heri. Halafu alienda kula pilau ya uzinduzi pamoja na wengine.

*

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Vibarua wanane walichimba, Bi Ruzuna akapiga magoti akikwangua udongo kwa mwiko, na kila alasiri alipanda ngazi ya Pandu akarudi nyumbani kwa mwanawe. Kwenye kina cha mita mbili mwiko uligonga chuma. Ilikuwa meza. Nyuma ya meza kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kulikuwa na mifupa ya mtu aliyekaa wima, kofia ya kazi kichwani, brashi mkononi, na mbele yake bati la biskuti. Ndani ya bati kulikuwa na fomu ya makabidhiano ya Jamhuri iliyotangulia, imejazwa vizuri, ila pale penye "Aliyepokea" hapakuwa na saini.

Bi Ruzuna alikaa kitako akashika tama. Alimhurumia yule mtu kwa dhati. Kisha ugonjwa wake ukampanda, akafungua daftari, akaandika: "Mtu mmoja, mchimbuaji, kipindi cha Jamhuri ya kabla ya hii." Akalitia daftari kwenye ndoo, likavutwa juu.

Alasiri alipotaka ngazi, Pandu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, leo siwezi," alisema. "Umeandika."

Alieleza kwa aibu, maana alikuwa mtu mwema. Maadamu kitu kimeandikwa, kipindi kimefunguliwa, na shimo limekuwa kituo rasmi cha kazi cha Bi Ruzuna. Angetoka tu akikabidhi, na angekabidhi tu baada ya kukabidhiwa, na wa kumkabidhi alikuwa yule pale kwenye kiti. Vibarua wao waliondoka jioni ile ile wakiimba. Sheria ya makabidhiano iliwahusu wenye vyeo, na wao Mungu aliwanusuru na cheo.

Bi Ruzuna hakuamini. Aliomba daftari lirudishwe alifute, kwa sababu alikuwa ameanza kuhesabu siku za harusi. Jibu lilishuka kwenye ndoo baada ya siku nne, kwa dokezo lenye mihuri sita: kilichoandikwa hakifutwi, ila kinaweza kuongezewa.

*

Basi akaongeza, kwani angefanya nini. Aliwaza kwamba akifika mwisho wa vipindi vyote, kwenye udongo ambao haujaguswa na mtu, patakuwa hapana tena wa kumdai saini. Alichimba peke yake, udongo ukipanda kwa ndoo, na kila aliyemkuta alimshusha pamoja naye kadiri shimo lilivyokwenda chini.

Kwenye mita tatu na nusu alimkuta mchimbuaji wa enzi ya wakoloni, kofia yake pana imeoza nusu, kiko chake mezani, fomu yake katika nakala tatu. Kwenye mita tano alimkuta wa enzi ya masultani, amekaa juu ya mkeka uliobaki alama tu udongoni, kalamu ya tete sikioni, au pale sikio lilipokuwa, na barua ndefu ya kumwomba mtukufu amtume mtu wa kupokea. Kwenye mita sita alimkuta wa enzi ambayo vitabu havina habari zake, aliyezungukwa na vigae vilivyopangwa kwa ukubwa, kila kigae na alama yake. Na chini kabisa, mita saba, alichuchumaa mtu wa zama za mawe. Mkononi alikuwa na jiwe la kukwangulia udongo. Mbele yake palikuwa na kibao cha jiwe chenye alama mbili nyekundu za dole gumba, na nafasi ya tatu, iliyosuguliwa vizuri, ilikuwa tupu.

Chini yake ulikuwa mchanga mweupe, safi, ambao haukuwahi kuguswa.

Siku ile Bi Ruzuna alicheka peke yake mpaka Pandu akachungulia kuuliza kulikoni. Kisha aliandika ripoti fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Alisema mahali hapa hapajawahi kukaliwa na mtu yeyote, katika zama zozote, isipokuwa wale waliotumwa kuangalia kama paliwahi kukaliwa.

*

Ripoti ilipokelewa kwa shangwe. Waziri aliisoma redioni, akasema imethibitika sasa kwamba utumishi wa umma ni wa kale kuliko kilimo. Posta wakatoa stempu yenye picha ya yule wa zama za mawe, amevishwa tai. Bwana Mshamu alikuja ukingoni na viti viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha mafaili, akatangaza kwamba kazi ilikuwa imekamilika kwa asilimia tisini na tano. Zilizobaki zilikuwa saini tano.

"Wamekufa, Bwana Mshamu," Bi Ruzuna alimjibu kutoka chini.

"Hilo tunalifahamu. Wameandikiwa barua."

Barua zilishuka kweli, tano, kila moja na jina la "Mhusika", zikiwataka wahusika waeleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini wasichukuliwe hatua kwa kuchelewesha makabidhiano. Bi Ruzuna aliziweka mbele yao, moja moja, kama alivyoagizwa. Siku kumi na nne zikapita. Zikashuka barua za ukumbusho. Baadaye ukashuka uamuzi: wahusika wote watano wamesafiri kikazi, na mchimbuaji aliyepo aendelee kukaimu mpaka watakaporejea.

Hapo ndipo moyo ulipomwanguka. Alitazama kuta nne za udongo alizozinyoosha kwa mkono wake mwenyewe, zimesimama wima barabara kama mafunzo yanavyotaka, bila hata mahali pa kutia kidole cha mguu. Alikuwa amejichimbia vizuri mno. Mchimbuaji mbovu angekwishatoka zamani.

*

Saumu alikuja kila siku. Alilala kifudifudi ukingoni, wakazungumza, yeye akiona kichwa cha mama yake na mama akiona uso wa mwanawe wenye mbingu nyuma yake. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara moja, kisha mara ya pili, kisha ya tatu. Hakuwa tayari kutolewa nyumbani na mtu mwingine huku mama yake mzazi yuko hai hatua mia mbili kutoka mlangoni. Bi Ruzuna alimsihi aolewe tu. Saumu akasema hapana, na alikuwa amerithi hapana hiyo kwa mtu ambaye wote wawili walimjua.

Mchumba wake, Hamdu, alikuwa fundi saa, kijana mvumilivu. Wazee wake hawakuwa wavumilivu. Walituma ujumbe kwamba wao ni watu wa heshima, wamekwisha kuwaalika wageni mara tatu na kuwaambia wasije mara tatu, na mwezi wa mfungo mosi ukipita wataposa kwingine. Saumu alimweleza mama yake habari hizo kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha aliinuka akaenda, na siku mbili hakuonekana.

Siku ya tatu Pandu aliteremsha chakula, na pamoja na chakula gazeti. Serikali sikivu ilikuwa imetangaza nafasi ya kazi. Anahitajika mchimbuaji wa kumpokea kaimu mchimbuaji katika kiwanja cha Dakika Tano. Mwombaji awe raia, awe na ujuzi wa udongo, awe tayari kuishi katika mazingira ya chini. Akipatikana wa kumpokea, aliyepo, kwa kuwa ni kaimu tu, ataruhusiwa kupanda bila zile saini tano.

Bi Ruzuna alisoma tangazo lile mara tano akilia kwa furaha. Hakujiuliza nani angeomba kazi namna ile. Mtu aliye shimoni haulizi kamba inatoka wapi.

*

Siku ya makabidhiano bendi ilikuja tena, na Waziri, na hotuba. Bi Ruzuna alikuwa amejifunga khanga safi aliyoiweka tangu mwezi wa kwanza. Aliwaaga wale watano, kwa adabu, kuanzia mkubwa wao wa chini. Ngazi ikateremshwa. Vikashuka viatu vipya, kisha sketi ya kazi, kisha mgongo aliouogesha mwenyewe tangu una siku moja.

Saumu alipokanyaga chini, Pandu alivuta ngazi juu. Utaratibu ulikuwa hivyo, iteremshwe mara moja kwa anayeshuka na mara ya pili kwa anayepanda, baada ya saini.

"Nani kakutuma?" mama aliuliza.

"Nimejituma."

"Saumu."

"Wewe upande, mama. Mimi nitakaa kidogo tu, mpaka wamlete wa kunipokea."

"Na huyo atatoka wapi?"

 Macho ya Saumu yalikuwa yamewafikia wale watano, aliokuwa akiwasikia kwa miezi mingi lakini hajawahi kuwaona, na uso wake ukabadilika. Hata hivyo alinyoosha mkono kuomba mwiko. Alikuwa mtoto jasiri, na mama yake alimpenda wakati ule kuliko siku zote alizompenda.

Bwana Mshamu, juu, alisoma taratibu. Kabla ya saini, anayekabidhi atamfanyia majaribio anayepokea, aridhike kwamba anaijua kazi, na aandike tathmini. Ilikuwa sehemu ndogo, ya kutimiza wajibu. Katika historia ya nchi hakuna aliyewahi kumkataa mtu wa kumpokea, maana huyo angekuwa mwendawazimu.

Bi Ruzuna akamwonyesha mwanawe ukuta wa mashariki, akamwambia asome. Saumu akausoma kutoka juu hadi chini. Akataja kila tabaka kwa rangi na umri, akaonyesha lililomwagwa kwa mkono na lililoletwa na mvua, akachukua udongo wa mita sita akausugua baina ya vidole akausikiliza sikioni, kama alivyofundishwa akiwa na miaka saba kwenye mashimo ya mama yake. Akagundua hata mstari mmoja mwembamba wa majivu ambao Bi Ruzuna mwenyewe aliupita bila kuuona. Hakukosea hata mahali pamoja.

Mama akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kalamu akaandika asichokiona. Kisha akasoma kwa sauti, wa juu wasikie.

"Mwombaji hafai. Hajui udongo. Hajui na hafundishiki."

 Saumu alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua kosa lake.

"Mama, mimi sijui?"

"Hujui."

"Ulinifundisha wewe."

"Nilipoteza wakati wangu," Bi Ruzuna alisema, na hakumtazama, kwa sababu angemtazama asingeweza.

Bwana Mshamu alifungua kitabu cha kanuni, akapepesa kurasa, akatoka jasho. Kanuni ilikuwepo. Haikuwahi kutumika, lakini ilikuwepo, fupi na wazi: atakayekataliwa katika makabidhiano kwa kutojua kazi hatakabidhiwa kitu, hatashika cheo chochote cha umma maisha yake yote, na ataondolewa kituoni mara moja. Fomu ya tathmini ikapanda kwa ndoo. Ilikaguliwa, ikapigwa mihuri, ikasajiliwa masijala, nakala ikapelekwa panapohusika, ngazi ikashuka. Kwa mujibu wa saa ya Waziri zilikuwa zimepita dakika nne na nusu. Waziri alishika kipaza sauti akaliambia taifa kwamba hii ndiyo kasi tuliyokuwa tukiizungumza.

Saumu alipanda akilia, na hakugeuka. Aliposhuka upande wa pili wa ukingo, Pandu alivuta ngazi, akaikunja polepole. Bwana Mshamu aliinama shimoni akasema, kwa upole wa kweli, kwamba nafasi iliyokataa mtu haitangazwi tena. Bi Ruzuna alimjibu kwamba analijua hilo.

*

Saumu hakuja tena ukingoni. Pandu alileta habari pamoja na chakula, nusu nusu, akichagua zisizouma. Alisema binti amekasirika, kisha akasema binti amekubali kuolewa, kisha, siku moja, akasema ni Alhamisi baada ya alasiri.

Alhamisi Bi Ruzuna alioga kwa kopo, akajifunga ile khanga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya wale watano. Aliogopa kwamba wangezungukia barabara nyingine. Saa kumi na nusu akasikia matari, mbali, upande wa nyumbani, halafu karibu, halafu karibu kabisa, nje ya ua wa mabati. Walikuwa wakimtoa mwanawe. Kulikuwa na kucheka, na kuimba, na mlio wa bangili nyingi, na yeye aliona kipande cha mbingu tu.

Hapo akasimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele. Kilikuwa kile cha mama mzazi, kirefu, chenye kukatika mara mbili katikati, ambacho kila nyumba ya mji ule ilikuwa na cha kwake na hakuna jirani aliyekiiga. Alikipiga mpaka pumzi ikaisha, akavuta nyingine akarudia.

Huko nje matari yalinyamaza ghafla. Pandu, aliyekuwa juu na akayaona yote kupitia tundu la bati, alisimulia baadaye kwamba bi harusi alisimama katikati ya njia, akaondoa ushungi usoni mbele za watu, akalitazama lile ua. Wanawake walimvuta aende, hakwenda. Alikaa hivyo, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika. Kisha akaujibu ule mlio, kwa sauti ile ile, yenye kukatika mara mbili katikati, na ndipo akaendelea na safari yake.

Bwana Mshamu Likotela alikuwa zamu siku hiyo, akikagua mabati. Alisikia, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu alifungua daftari la kiwanja akaandika palepale: "Saa kumi na nusu, kutoka chini, sauti ya mwanamke. Kipindi hakijulikani." Akapiga muhuri, akarudisha kalamu sikioni, akaenda kumtafuta wa kumkabidhi zamu.